Boti iliyokula betri tatu Nyumba ya Mungu

Mama alishuka kwenye bajaji mbele ya karakana yetu hapa Pasua, Moshi, akiwa na betri ya tatu ndani ya miezi minane. Nilipomwamkia aliitikia, kisha akasema, "Hii nayo imekufa, mwanangu. Leo usiniambie kilichokufa ni nini. Niambie imefia wapi."

Swali lile sikulielewa uzito wake papo hapo. Mafundi wote waliomhudumia kabla ya siku ile, mimi nikiwemo, tulikuwa tumejibu lile jingine: tuliangalia kifaa kimojakimoja na kumtajia kibovu. Njia ambayo moto, yaani umeme, unapita kutoka altaneta, ile jenereta ndogo inayozungushwa na injini, hadi kwenye betri hakuna aliyekuwa ameipitia mwanzo hadi mwisho.

Mama huyu ananunua perege na kambale bwawa la Nyumba ya Mungu na kuwauza soko la Mbuyuni. Boti yake ni ya mbao, ina injini ya dizeli ya silinda tatu iliyofungwa ndani. Aliinunua Tanga ikiwa imeshatumika miaka mingi baharini, ikapakiwa kwenye lori hadi bwawani. Hilo la Tanga lishikeni, tutalirudia. Ndani kuna betri mbili za volti 12, kila moja saa-ampea 100: moja ya stata, nyingine ya taa za usiku, redio na pampu ya kutoa maji yanayovuja chini ya boti. Altaneta ni ya ampea 55, ya kawaida tu, katauti yake (inayodhibiti volti) na kaboni (zinazopeleka moto kwenye rota, sehemu inayozunguka ndani) zikiwa pamoja mgongoni.

Betri ya kwanza ilipolala waliambiwa ni mbovu, wakanunua nyingine. Ya pili ilipolala, fundi mmoja alichomoa temino ya betri injini ikiwa inaunguruma, taa zikafifia, akatangaza kwamba altaneta imekwisha. Wakanunua altaneta. Miezi miwili baadaye taa za boti zikaanza tena kufifia na kuwa nyekundu usiku, na hapo ndipo altaneta ile mpya ililetwa kwangu mara ya kwanza.

Niseme wazi nilichofanya siku hiyo, maana ndicho kilichomgharimu mama mwezi mwingine mzima. Niliifunga altaneta mezani, nikaizungusha kwa mota, nikaipa moto kwenye temino ndogo ya D+, inayopokea moto wa kuianzisha, kupitia balbu yangu ya majaribio ya wati 5. Ikachaji palepale, volti 14.2. Nikapima mawimbi ya umeme geuzi kwenye temino ya kutolea moto, nikapata volti 0.05 tu, maana yake dayodi zote, zile zinazopitisha moto upande mmoja tu, ziko sawa, kwani dayodi moja ikifa usomaji huo hupanda vibaya. Nikamwambia nahodha, "Altaneta nzima, kaifunge." Nilichosema kilikuwa kweli, ila hakikumsaidia mtu.

Kwa hiyo safari hii nilianza na betri yenyewe. Niliacha itulie, nikapima volti: 12.1. Nikafungua vifuniko na kupima uzito wa asidi kwa haidromita. Kipimo hiki vijana wengi siku hizi wanakiruka kwa sababu ni kichafu na kinatoboa nguo, lakini mimi sijapata kinachosema ukweli kama hiki kwa betri za maji. Betri iliyojaa husoma karibu 1.265. Hii ilisoma kati ya 1.17 na 1.18, vyumba vyote sita. Hilo la vyumba vyote sita ndilo lililonizindua. Betri mbovu kwa kawaida hukuonyesha chumba kimoja kilichoanguka huku vingine vikiwa vimesimama. Vyumba vyote vikiwa chini kwa usawa, betri haikufa kwa ugonjwa wake, imekufa kwa njaa.

Njaa ya betri inaua hivi. Kila betri inapotoa moto, salfeti ya risasi hujitengeneza juu ya sahani zake. Ukiichaji mapema na ukaijaza, ile salfeti huyeyuka na kurudi kwenye asidi. Ukiiacha nusu tumbo wiki baada ya wiki, chembe zake hukua na kuwa ngumu, na sehemu hiyo ya sahani haifanyi kazi tena. Betri ya saa-ampea 100 inabaki na 60, kisha 40, nayo kwa nje inang'aa kama ilivyotoka dukani. Tena nahodha, kila stata ilipokuwa nzito, alikuwa anazibadilishana mahali, leo hii ya taa, kesho ya stata, kwa hiyo zote zilikuwa zinaonja njaa ileile kwa zamu.

Nikamwambia mama sitafungua altaneta tena. Nitakwenda bwawani.

Tuliondoka Moshi kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, tukateremka upande wa Mwanga hadi Lang'ata, na boti tuliikuta imefungwa ufukweni. Nilimwomba nahodha asiguse kitu. Kwanza tulifungua mlango wa injini na kuuacha wazi kwa muda, kwa sababu betri inayochajiwa hutoa haidrojeni, na cheche ndogo ya testa ndani ya chumba kilichofungwa inaweza kuirusha betri usoni mwako.

Injini ikiwa imezimwa, niligusa temino kubwa ya altaneta kwa testa ya balbu. Haikuwaka. Kwenye gari la kawaida lazima iwake, kwa sababu waya ule mnene umeunganishwa na betri muda wote. Ikiwa haiwaki, ama waya umekatika, ama kuna kitu katikati kinachozuia moto kurudi nyuma. Nilifuata waya kwa mkono, nikapita nyuma ya tangi la dizeli, nikakikuta: kibati chenye mapezi ya alumini, waya mmoja unaingia na miwili inatoka, mmoja kwa kila betri. Kigawa chaji cha dayodi. Nahodha alikuwa na boti ile zaidi ya mwaka na hakujua kwamba kipo. Nilikiandika kwenye daftari, nikaendelea.

Tukawasha. Injini ikatulia kwenye sailensi, mwendo wake wa chini kabisa. Nikaweka mita kwenye betri ya taa: volti 12.2, na inashuka taratibu. Altaneta inazunguka, mkanda umekaza, lakini haitoi kitu. Nikatazama dashibodi, taa nyekundu ya chaji inawaka.

"Hii taa huwa inawaka hivi?"

"Ndiyo fundi, ndivyo ilivyo. Nikienda mbio inazima yenyewe."

"Pandisha resi."

Nikahamishia mita kwenye altaneta yenyewe, akapandisha. Mahali fulani injini ilipokaribia mizunguko 2,000 hivi, taa ilizima ghafla na altaneta ikaruka hadi volti 14.2. Nikamwambia arudi sailensi. Ikabaki 13.9. Tukazima, tukawasha tena: haichaji, taa inawaka. Tukarudia mara tatu ili nisije nikajidanganya, na mara zote tatu ikawa vilevile.

Nikachomoa taa ya dashibodi. Ilikuwa LED. Nahodha akaeleza kwamba balbu ya zamani iliungua muda mfupi baada ya boti kufika bwawani, akaenda dukani akapewa hii kwa sifa kwamba haiungui na inakula moto kidogo. Sifa zote mbili ni za kweli, na hiyo ya pili ndiyo iliyokuwa inaiua betri.

Mama, aliyekuwa amekaa kwenye ndoo akitusikiliza, akauliza, "Yaani kitu kinachotengeneza umeme kinahitaji umeme?" Ni swali zuri kuliko mengi ninayoulizwa na watu wenye vyeti. Nikamwambia ndiyo, na hata mitambo ya bwawa hili ni hivyohivyo. Maji ya Kikuletwa na Ruvu yanazungusha mitambo ya megawati 8 hapo ukutani, lakini bila koili ya rota kupewa moto kwanza ili igeuke sumaku, ingezunguka mwaka mzima bila faida. Altaneta ni mdogo wake. Ukifungua funguo, moto kidogo unatoka kwenye betri, unapita kwenye balbu ya chaji, unaingia D+, unapita katauti na kaboni, unafika kwenye rota. Rota inakuwa sumaku, altaneta inaanza kuzalisha. Ikishaanza, inajilisha yenyewe kwa dayodi zake tatu ndogo. Pande zote mbili za balbu zinakuwa na volti sawa, basi balbu inazima. Watu wengi wanaidhani taa ile ni ya kutoa taarifa tu. Ni kweli inatoa taarifa, lakini pia ndiyo mlango wa moto wa kuanzia.

Balbu ya wati 3 inapitisha robo ya ampea. LED ile na kizuizi chake kidogo ilikuwa inapitisha labda sehemu ya kumi ya hapo, au pungufu. Rota inabaki na usumaku wake wa masalia tu, ambao unahitaji mwendo mkubwa ili uamshe altaneta. Na boti hii haina mwendo mkubwa. Nahodha anakwenda taratibu kutoka mtumbwi hadi mtumbwi akikusanya samaki, anazima injini, wanapima, wanalipana, anawasha tena. Mara kumi na tano, ishirini kwa usiku mmoja. Anapokimbia ni wakati wa kurudi tu, kabla upepo haujaamka. Usiku kucha taa na pampu zinakula betri, altaneta imelala. Nami kule mezani niliiamsha kwa balbu yangu mwenyewe, kwa hiyo nilikuwa nimeutibu ugonjwa bila kujua ndipo nikampima mgonjwa.

Nilikuwa na balbu za wati 3 mfukoni. Nikaweka moja. Tukawasha, na taa ikazima injini ikiwa bado kwenye sailensi. Nahodha akapiga makofi.

Hapa ndipo mtu angefunga sanduku la spana akaondoka. Wale wanaopenda LED zao, wanaweza kuibakiza na kuweka pembeni yake kizuizi cha omu 47 cha wati 5, kazi itafanyika. Lakini mimi nilikuwa bado sijapata jibu la mama. Alikuwa ameuliza wapi, na mpaka sasa nilikuwa nimepata mahali pamoja tu.

Nilimwambia nahodha aweke injini kwenye mwendo wa kati, awashe taa zote na pampu. Kwenye altaneta, kutoka temino kubwa hadi bodi yake, ganda la chuma ambalo ndilo upande hasi: volti 14.2. Kwenye nguzo za betri ya taa, nikigusa risasi yenyewe wala si klipu: volti 12.9. Volti 1.3 zimepotelea njiani. Betri inayopewa 12.9 haitajaa hata ukikesha nayo. Inahitaji kati ya 13.8 na 14.4.

Kupima upotevu huu ndiko ninakotaka vijana wanaojifunza kazi wakutilie maanani. Huhitaji kuchomoa waya wowote. Mita iko kwenye volti, ncha moja mwanzo wa kipande cha njia, ncha nyingine mwisho wake, moto ukiwa unapita. Mita inakusomea kiasi ambacho kipande hicho kimekula. Ukipima kwa omu, mzigo haupo, waya wenye nyuzi tatu nzima kati ya arobaini utakwambia niko sawa. Nilipata hivi: kutoka altaneta hadi kigawa chaji, volti 0.42. Ndani ya kigawa chaji, kuingia hadi kutoka, 0.66. Kutoka hapo hadi nguzo chanya ya betri, 0.04. Upande hasi, kutoka bodi ya altaneta hadi nguzo hasi ya betri, 0.18. Jumlisha, unapata 1.30 kamili. Hesabu ikikaa sawa namna hiyo unajua hakuna mwizi mwingine aliyejificha.

Zile 0.66 ni tabia ya dayodi, si ubovu. Dayodi ya silikoni hukata kati ya volti 0.6 na 0.7 hata ikiwa mpya, na zaidi moto ukizidi. Aliyekifunga kile kibati alikuwa na nia njema: taa zisimalize moto wa stata. Lakini katauti ya altaneta hii inajipima yenyewe, haiijui betri. Inaona 14.2 mgongoni mwake na kuridhika, huku betri ikipata 13.5 kabla hata ya upotevu mwingine. Kuna altaneta zenye waya wa kunusa volti kwenye betri yenyewe, na kwa hizo kigawa cha dayodi hakina shida. Hii si mojawapo.

Zile 0.42 zilinishangaza zaidi. Waya kutoka altaneta hadi kwenye kibati hauzidi mita mbili, na ulikuwa wa milimita za mraba 6. Shaba ya unene huo ina takriban milioomu 3 kwa mita. Kwa ampea 20 zilizokuwa zinapita, waya mzima ungekula volti 0.12. Temino zilikuwa safi, tena zimepakwa grisi. Nikachukua kisu, nikachana ganda karibu na temino. Ndani shaba ilikuwa nyeusi, na ukiisugua kwa kidole inabaki unga wa kijani. Nikachana sentimita kumi mbele, nyeusi. Thelathini, nyeusi bado. Chumvi ya Tanga iliingia kwenye ncha ya waya ikapanda ndani ya ganda kati ya nyuzi, kama mafuta yanavyopanda utambi wa kibatari, na muda wote huo kwenye maji baridi ya bwawa haikutoka. Waya kama ule haushiki hata lehemu. Kukata ncha na kufunga temino mpya ni kupoteza muda, maana unafunga kitu kipya juu ya kitu kilichooza.

Upande hasi tulikuta kilichotegemewa: waya wa bodi umefungwa juu ya rangi ya injini. Tulisugua mpaka chuma kikang'aa.

Kazi yenyewe ya kutengeneza haikuwa ndefu, ila tulisubiri waya siku nne. Nilitaka waya wa shaba uliopakwa bati, kwa sababu bati huilinda shaba ya boti dhidi ya kutu hiyo, na Moshi sikuupata. Uliagizwa Dar es Salaam. Muuza vifaa mmoja alinishauri nitumie waya wa weldingi. Ni mnene, ni laini, ni rahisi kupinda kwenye kona za boti, lakini nyuzi zake ni nyembamba mno na shaba yake ni tupu, kwa hiyo ungenywa unyevu kuliko hata ule wa zamani. Nilikataa.

Tulivuta waya mpya wa milimita za mraba 16 kutoka altaneta moja kwa moja hadi betri ya stata, na mwingine wa unene huohuo upande hasi. Kigawa cha dayodi tulikitoa kabisa. Badala yake nilifunga relei, swichi inayowashwa na umeme, ya ampea 80 kati ya betri mbili, na fyuzi ya ampea 60 karibu na kila betri, kwa kuwa waya ule una moto pande zote mbili na ukichubuka ukagusa chuma utaunguza boti. Koili ya relei inapata moto kutoka D+. Altaneta ikichaji, relei inabana na betri zote mbili zinakula pamoja. Injini ikizimwa, relei inaachia na taa haziwezi kugusa moto wa stata. Kuna relei za kisasa zinazojiamulia zenyewe kwa kunusa volti, zinaunganisha betri karibu na 13.3. Ni nzuri, lakini hii ya kawaida ikifa nahodha anapata nyingine duka lolote la vipuri vya magari siku hiyohiyo, na kwa boti ya kazi mimi hilo nalipa uzito mkubwa.

Baada ya nusu saa ya kuunguruma, taa na pampu zikiwa zinafanya kazi: altaneta 14.2, betri ya stata 14.08, betri ya taa 14.02.

Nilimwomba nahodha jambo moja tu, kwamba asimruhusu mtu yeyote achomoe temino ya betri injini ikiwa inawaka, awe fundi au nani. Betri ndiyo inayomeza mshtuko wa volti. Ukiichomoa ghafla altaneta ikiwa inazalisha, volti zinaruka mara kadhaa na dayodi au katauti inakufa kabla hujavuta pumzi. Altaneta ya kwanza, ile iliyotangazwa imekwisha, mama alikuwa bado ameihifadhi nyumbani. Niliifungua baadaye. Kaboni ndefu, rota nzima, bearingi kimya. Dayodi mbili zilikuwa zimepigwa shoti. Siwezi kuapa kwamba zilikufa siku ile ya kuchomoa temino, lakini mpaka siku ile taa ya chaji ilikuwa bado inazima kila nahodha alipokwenda mbio, na baada yake haikuzima tena. Nilibadilisha sahani ya dayodi, na sasa altaneta hiyo ndiyo akiba yao.

Betri ya tatu niliichaji taratibu kwa ampea 5, siku nzima na usiku wake. Asidi ilipanda hadi 1.235 ikagoma hapo. Nilimweleza mama kwamba sehemu iliyoganda haitarudi, ila kwa taa bado inafaa, asinunue nyingine sasa. Akaniuliza tena, taratibu, imefia wapi hasa. Nikamchorea nyuma ya karatasi ya risiti: altaneta, waya wa chanya na wa hasi, kibati, betri, na balbu juu pembeni. Nikaweka alama mahali pote pa nne. Akaikunja, akaiweka kwenye pochi pamoja na hesabu za samaki.

Nahodha ananitumia picha ya mita kila Jumatatu asubuhi, kabla hajawasha injini. Ya juzi: stata 12.7, taa 12.5.